Chumvi Imekwisha

Simu niliinunua duka la hisani, Barabara ya Beverley,
pauni kumi na nane, kioo kina ufa kama sahani ya wageni wengi.
Kampuni iliyoiunda ilishaizika:
miaka mitatu haijaitumia hata salamu.
Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesemea ndani ya blanketi.

Kwenye kadi, dakika moja na nusu ya Wilondja.
Alijirekodi Nyarugusu, msimu wa mvua,
akimweleza ndugu yake habari za baiskeli.
Nilimsikiliza kwenye basi la saa kumi na moja alfajiri,
sikio la kulia zima, la kushoto likivuma,
nikidhani ni mimi ninayezeeka.

"Mama, si masikio," akasema Etabo.
"Kiwandani waliwekea sauti kikomo,
wakaondoka na ufunguo."

Jumapili akafuta meza ya jikoni.
Kadi nikaificha kwenye bakuli la sukari.
Betri asilimia sitini na nne. Mita ya umeme, senti themanini.
"Ukikatika katikati, inakuwa tofali."
Nikakimbia dukani kwa Mpolandi kuongeza umeme,
na slipa miguuni,
katika ile mvua ya Hull isiyonyesha wala kuacha.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
na chawa huyu alikuwa ametaga ndani ya spika.
Kuna mtu Winnipeg, akaniambia, hulala mchana;
mwingine Gdansk, mwalimu wa hesabu;
mwingine hajulikani, jina lake ni herufi tano na namba.
Hawajawahi kula pamoja.
Msimbo wameuacha wazi kama sufuria ya msibani:
ajaye apakue, aonje,
aongeze kilichopungua.
Mmoja wao alibadili tarakimu moja tu,
saba ikawa kumi na mbili,
akaandika kando: jaribuni, kwangu inasikika.

Simu ikazima. Nembo ngeni ikazunguka, ikazunguka.
Etabo akatafuna kamba ya kofia ya sweta lake.
Ikaamka.

Nikarudisha kadi, nikavaa vya masikioni.
Wilondja akakohoa kabla ya kusema.
Sikuwahi kujua kwamba alikohoa.
Mvua juu ya turubai, kila tone na mahali pake.
Mnyororo. Breki. Bei.
Na nyuma, mbali, mwanamke anafoka:
"Chumvi imekwisha! Nani ataenda?"

Ni mimi.
Miaka kumi na mmoja nilikuwa humo, nikidai chumvi,
na yeye, bila kuiacha habari ya baiskeli,
anacheka puani.

Etabo anasema hawataki hela.
Wanataka kujua tu ni simu ya aina gani, na sauti inafanyaje.
Andika, nikamwambia. Andika sikio la kushoto limepona.
Andika pia kuna mkwaruzo kidogo anapotaja bei.
Wautazame huo,
wakipata nafasi.