Mwenye Jina

Alhamisi, saa mbili za usiku, duka kubwa la Barka.
Kabla hawajalizungusha pipa, mimi hulizunguka.
Natazama kufuli. Natazama lakiri, uzi wake usiwe umekatwa.
Naingiza mkono hadi kwapani, napapasa pembe zote
isije ikawamo karatasi iliyobandikwa kwa gundi
au iliyolazwa kwenye friji, kidole kiitambue kwa ubaridi.

Watoto wanacheka: shangazi kapoteza nini humo?

Kibali kimo mkobani, nimekisoma hadi kimechakaa.
Tikiti isiuzwe. Aliyenunua tikiti kacheza kamari;
aliyenunua mchele akapewa kuponi, kanunua mchele.
Ndiyo maana mwezi uliopita nilipita hapa kimyakimya
nikaandika bei ya gunia, ya mafuta, ya maziwa ya unga,
na leo mchana nimerudi kulinganisha.
Ikipanda hata baisa hamsini, umeshamuuzia mtu tikiti
ukaifunika kwa mchele.
Uzi ni mwembamba. Serikali imeniajiri nikae juu yake.

Gari jeupe, utepe mwekundu. Limeoshwa mara mbili leo.
Meneja Pradosh anafuta jasho ndani ya kiyoyozi.
Mtoto aliyefungwa kitambaa machoni anachomoa moja,
ananipa, nasoma:

Mwanahija Shomvi.

Kalamu ilikuwa ikikata wino,
herufi zimekandamizwa hadi zimetokea upande wa pili.
Hilo si jina la Barka.
Nimelitamka vizuri mno, meneja kanigeukia.

Nikapiga simu. Ikapokelewa na mwanamke mwingine.
"Huyo mtumishi wangu. Risiti yangu, mchele wangu,
na simu hii unayoipiga, yangu."
Nyuma yake maji ya bomba, vyombo vikigongana,
kisha vyombo vikaacha.

Kipengele cha tisa: zawadi ni ya mwenye jina.
Hakisemi nani alilipa.
Nilikiandika mimi, miaka kumi na moja nyuma, nikiwa karani,
nikitaka tu kuwazuia mameneja
wasiwaandikie mashemeji zao.
Sikumfikiria mtu anayesukuma toroli la mwenzake,
akaambiwa pale kwenye foleni:
hebu jaza wewe hiyo karatasi, mimi sina muda.

"Mpe simu," nikasema.
Nikarudia, kwa Kiarabu cha ofisini, kile chenye mhuri ndani yake.
Halafu kwa Kiswahili cha mama yangu, kwa sauti,
nikijua jikoni kinafika:
"Mwanahija, Jumapili, dirisha la nne. Njoo na kitambulisho.
Jina lisizidi herufi, lisipungue."

Hakuna aliyejibu. Bomba likafungwa.

Watu wakapiga makofi, maana makofi yamo kwenye ratiba.
Nikagonga mhuri, nikatia sahihi, nikaandika saa.

Kanuni inampa siku thelathini.
Leo ya kumi na mbili.
Gari lingali palepale, karibu na mlango wa toroli,
utepe umelegea upande mmoja
na mtu kaandika kwa kidole kwenye vumbi la kioo.
Kitambulisho kimo katika droo ya nani, kanuni haiulizi.
Mimi pia, kwa cheo changu, siruhusiwi kuuliza.

Dirisha la nne watu husimama.
Nimeweka kiti.