Kofia Saba

Baba alikuwa dobi, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Katika vitabu vya karakana ya reli
jina lake halimo.
Ngoda Semkiwa: pasi ya mkaa, kamba tatu za kuanikia,
na mteja mmoja asiyelipa kwa wakati, Bwana Bainoni.

Mwelisi huyo alikuwa fundi wa vichwa vya treni.
Shingo hana, sikio la kushoto limekunjamana
kama andazi lililokosa hamira.
Watu wa karakana walisema: huyo kwao aliichezea nchi,
mpira wa yai,
ana kofia saba.

Saba! Baba akamstahi papo hapo.
Yeye alikuwa nazo mbili, ya Ijumaa na ya msiba.
Kila alipopeleka nguo alichungulia kabatini
akaona moja tu, mahameli nyekundu, kishada kikining'inia
kama tarbushi iliyopungua kimo.
Sita ziko wapi? Mpishi? Mtunza bustani?
Wiki nzima alilala na neno hilo, mwisho akauliza,
maana dobi ndiye wa kwanza kushukiwa.

Bwana Bainoni akacheka mpaka akakohoa vumbi la makaa
aliloanza kulivuta shimoni akiwa na miaka kumi na minne.
Kofia ni moja, Ngoda. Saba ni mechi.
Akamwonyesha miaka iliyotariziwa kwa uzi wa fedha
na kwa Kiswahili chake cha spana na grisi akazihesabu:
ya kwanza, tope hadi magotini, tukashinda;
ya pili sikumbuki, niligongwa kichwa, naambiwa tulitoka sare;
ya tatu, ya nne, ya tano, tulifungwa, usiulize;
ya sita tukashinda, mama alikuja, kavaa viatu vya kuazima;
ya saba
akapandisha suruali, akaonyesha goti.

Jumapili aliwatoa vijana wa reli kwenye uwanja wa changarawe,
peku, akawafundisha kusukumana mabega.
Sheria moja ilimshinda baba:
mnakwenda mbele
lakini mpira mnampa aliye nyuma.
Sasa aliye nyuma atafikaje?
Anakimbia, Ngoda. Anakimbia.

Kisha siku ya jezi.
Nyekundu, manyoya matatu meupe kifuani,
na cheche moja ikaruka kutoka kwenye pasi.
Unyoya wa kushoto ukawa kahawia, halafu tundu.
Baba alitembea hadi Bombo, jezi juu ya mikono miwili
kama mtoto mwenye homa,
njiani akipiga hesabu: kufua mashuka mangapi, miaka mingapi.
Mwelisi akapitisha kidole tunduni.
Akakizungusha.
Mawili yanatosha, akasema.
Sikuwa mchezaji mkubwa hivyo.

Mwezi ule hakulipa, wala baba hakudai.

Jana, saluni kwangu, runinga ilikuwa inawaonyesha
wekundu wale wakisukumana kwenye mvua.
Nikamwacha Bi Mwanaidi kichwa nusu kimesukwa,
nikasogea hadi pua karibu iguse kioo.
Unatafuta nini humo, mwanangu?
Unyoya, nikasema. Wa kushoto.