Tamaa Mbele

Mama mdogo Sikudhani, akichambua mchele,
alinionya: tamaa mbele, mauti nyuma.
Nikamjibu, mauti yapo nyuma ya kila mtu,
hata ya aliyelala.

Miaka sita nilishona makubazi Buguruni,
jozi kwa jozi, zote sawasawa,
moyo umekaa kama gundi iliyokaukia koponi.

Kisha akaja Tunu wa Mnyamani,
mguu wa kushoto mfupi kwa vidole vitatu.
Akauliza, bila kunitazama:
"Unaweza?"

Sikuweza.
Nilikata soli, nikatupa. Nikakata tena.
Luku ikaisha, nikapima kwa tochi ya simu.
Majirani wakasema, fundi kajipa udaktari!

Jumatano moja Tunu alisimama mlangoni,
mabega yamelingana kama mizani ya dukani,
akavuka Barabara ya Uhuru
bila kuinamia upande.

Sasa nataka karakana. Nataka mashine ya kusaga soli.
Nataka kibao chenye jina langu lote, Chausiku Mbonde,
kwa rangi isiyopauka.
Iiteni tamaa.
Mimi nalala saa nane, naamka kumi na moja,
nacheka peke yangu
nikipapasa viatu vyangu gizani.