Masikio ya Injini

Sisi hapa Kisongo tunaviita masikio,
vile vibati viwili chini ya tumbo la injini:
hufunguka ndege ikipanda, joto litoke,
hujifunga ikishuka.

Rubani Elinami alirudi na neno moja:
la kulia halifunguki. Juu ya Monduli
mshale wa joto ulikwishaingia kwenye wekundu.

Nikabonyeza swichi. Likafunguka.
Nikabonyeza tena, likajifunga, kwa adabu kabisa,
kama mtoto mbele ya wageni.

Siku mbili. Nilibadili swichi, nikapaka bawaba grisi,
nikaipima mota, nikaitukana kidogo.
Nanyaro akapita na kikombe chake cha chai:
"Sikio la kufa, Ndeshi, halisikii dawa.
Agiza mota mpya." Mota mpya ni wiki sita
na fedha ambazo Elinami hana.

Jioni, Meru imejifunika wingu,
nikalala chali juu ya boksi lililokunjuliwa,
nikaweka kiganja kwenye kibati, nikasukuma
jinsi hewa inavyosukuma huko juu.
Nikawa upepo.
Mota ikaguna, ikanyamaza.

Kumbe mota haina kosa. Umeme unaifikia nusunusu:
waya wa ethi, pale kwenye kiungio, umeota kutu ya kijani
kiasi cha punje ya mtama.
Msasa. Dakika nne.

Nikasukuma tena kwa nguvu zangu zote
na lile sikio likanishinda mkono.

Nanyaro anadai alijua tangu mwanzo.
Chai yake ilikuwa imepoa.