Ukurasa wa Thelathini na Mbili

Banda langu linaitazama mahakama ya Tanga
kama paka anavyolitazama kabati la samaki:
ufunguo sina, harufu yote naipata.
Fotokopi shilingi mia, stepla bure.
Wino ukififia naitikisa katriji,
naiambia, haya mama, tumalizie wiki.

Majaji watatu walishuka kutoka Dar es Salaam,
kikao cha Rufani, siku kumi na nne.
Madereva wao wameegesha kivulini
wanabishania bei ya machungwa ya Muheza.

Shauri lililojaza watu ni la Zawena Shekigenda,
fundi cherehani, Barabara ya Kumi na Tatu.
Mwaka ule alitaka udiwani,
fomu ikamrudia na mhuri mwekundu:
hana nyumba katani, amepanga.
Sheria ilisema "mwenye nyumba na makazi",
na msimamizi akaisoma hiyo "na"
kama geti la chuma.

Miaka minne wakavutana juu ya herufi mbili.
Hakimu akasema hivi, Mahakama Kuu ikasema vile,
jalada likanenepa, Zawena akakonda.
Nimelidurufu mara saba jalada hilo,
naujua uzito wake kwa kiganja,
kama muuza unga aliyepoteza mizani.

Leo, saa nne na robo, msajili akasoma
kwa sauti ya mtu anayehesabu chenji:
"na" iliyomo katika kifungu hicho
isomwe "au".
Basi.
Hakuna aliyepiga kofi. Feni ilikuwa inalia.
Mtu mmoja nyuma akauliza, amesemaje?

Na kiti chenyewe?
Kiti kilishakaliwa, kikachakaa, kikaachwa;
uchaguzi mwingine ni mwezi wa kumi.
Zawena kapewa pilau
sahani zimeshaoshwa.

Lakini kufika adhuhuri nilikuwa na foleni.
Kijana wa chama hiki, nyuma yake mzee wa chama kile,
juzi tu walichaniana mashati pale Ngamiani,
leo wanapeana nafasi:
wote wanataka ukurasa wa thelathini na mbili.
Mwalimu wa Pongwe, mwenye vyumba viwili vya kupanga,
ukurasa wa thelathini na mbili.
Mkata mkonge wa Kigombe, analala nyumba ya kampuni,
hajui kusoma vizuri, akaniwekea kidole:
"Hapa ndipo wanapotusema sisi?"
Hapa.
Akaukunja mara nne, akautia kwenye soksi.

Mimi nilidhani sheria hupikwa Dodoma
kwa meza kugongwa na ndiyo kupigiwa kelele,
sisi tukaletewa imeshaiva.
Kumbe kuna wapishi wengine, kimya, wenye miwani,
huonja sufuria baada ya wageni kunawa.

Tarishi wa halmashauri alikuja mwisho,
yeye alitaka hukumu nzima, na risiti.
"Msifurahi sana," akasema.
"Bunge likikaa, wataiandika tena 'na',
safari hii kwa wino mzito."
Nikamjibu, wakiiandika mtarudi hapa,
na bei yangu itakuwa mia mbili.
Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Saa kumi na moja, naanza kufunika mashine,
Zawena huyu hapa, futi ya kupimia bado i shingoni.
Hakutaka thelathini na mbili.
Alitaka ukurasa wa kwanza,
pale jina lake lilipokaa juu
na chini yake, baada ya neno "dhidi ya",
Serikali nzima.

Wino ukanisaliti. Karatasi ikatoka hafifu,
jina kama limeandikwa kwa maji ya mchele.
Nikataka kurudia, akanizuia.
Akaishika ile kalamu niliyoifunga mezani kwa uzi,
akainama, akazikoleza herufi moja moja,
taratibu, bila kuruka,
kama anayeshona pindo.

Kisha akaniuliza, ni shilingi ngapi.