Siku Tatu za Ijwi

Daftari la harusi limefika ukurasa wa mwisho.
Nyuma huko kuna mbuzi wawili, kreti za bia,
viti vya kukodi, kilo arobaini za mchele,
na ng'ombe wa mahari aliyechechemea hadi Bagira,
tukacheka, wajomba wasicheke.
Hapa chini umeandika kwa kalamu nyekundu
FUNGATE, ukapiga mstari mara mbili
kama mwalimu wa hesabu.

Murhula, fungate ni siku saba.
Sisi tunazo tatu,
maana Jumatatu duka la dawa la Nyawera lanidai,
na wewe una milango ya chuma ya watu
waliokulipa nusu, wanaopita kila jioni
kuitazama nusu yao.

Binamu yako wa Ubelgiji anatutumia picha:
bahari ya kijani, mchanga kama unga wa muhogo,
vibanda vimesimama majini kwa miguu ya korongo.
Nimezitazama zote. Nimezikuza kwa vidole viwili
nikitafuta mtu anayefanana nasi.
Nimemwona mmoja tu, kabeba trei.

Basi iwe Ijwi.
Kisiwa ni kisiwa; maji yakishakuzunguka
huyaulizi kama yana chumvi.

Hapo ndipo ulipoanza kupanga.
Saa kumi na mbili, gatini. Saa mbili, chai.
Saa tatu, kutembelea mashamba ya kahawa.
Saa sita, kupumzika (dakika thelathini).
Dakika thelathini, ewe bwana arusi!
Hata mgonjwa wa dripu hupewa saa nzima.

Na habari ikavuja, kama habari zote za Kadutu,
kupitia ukuta wa mbao.
Mama yako: mpelekeeni shangazi Nabintu vitenge viwili,
na mlale kwake, msipolala atanuna mpaka Krismasi.
Mchungaji: kuna kwaya kule Bugarula, semeni nao neno.
Mjomba Byaombe, ambaye hajawahi kuniita jina:
"Mkirudi, mananasi. Si mengi. Gunia."
Juzi mdogo wako kauliza kama boti ina nafasi.

Nipe hiyo kalamu.

Nakata kwaya. Nakata mashamba;
kahawa nitainusa ikiwa kikombeni.
Shangazi atapokea vitenge vyake siku ya kurudi,
pale pale gatini, injini ikinguruma.
Gunia la mjomba naliacha, ila naongeza "dogo".
Mila nayo ina meno.

Neno lenyewe linaanza na kufunga, hujalisikia?
Tufunge mlango. Tufunge simu.
Saa yako ya mkononi tuifunge ndani ya soksi,
soksi ndani ya begi, begi chini ya kitanda.
Nataka kulala mpaka nisijue leo ni siku gani.
Nataka sambaza za kukaanga, tule kwa vidole,
vichwa tumwachie paka wa mwenye nyumba.
Nataka usiku usio na jenereta,
usio na mtu anayebisha akitaka parasetamoli,
usio na ile milio tunayoiita fataki
mbele ya watoto.

Umenyamaza. Nikadhani nimekuumiza,
kumbe unahesabu: boti, chumba, makaa,
dola mia moja na kumi, na akiba ya kuugua.
"Zinabaki saba," umesema. "Tufanye nini nazo?"
Tusifanye kitu, Murhula.
Jina lako kwa Mashi ni utulivu,
na miaka minne nimekupenda
sijakuona umekaa.

Umeme umekatika.
Hukuinuka kutafuta mshumaa.
Tumebaki hivyo, daftari mapajani pangu,
mkono wako wenye harufu ya chuma juu ya daftari,
na ziwa huko chini halionekani, lakini mbwa wa Muhumba
walikuwa wakilibwekea.
Sijui zilipita dakika ngapi.
Wewe pia hukusema.