Doa la Mawese

Toroli langu halina breki.
Breki ni mimi: visigino viwili
na katambuga alizonishonea Ruhomvya pale sokoni Mwanga,
mpira wa lori lililowahi kupanda kilima hiki kwa injini.
Sasa linapanda kwa miguu yangu.

Kibirizi, saa kumi na moja alfajiri,
maboti ya Kongo yamekwisha kutua,
dagaa bado wana maji, watu bado wana usingizi.
Nauliza, "Wapi?" Wanajibu, "Mwanga."
Sijamsikia bado wa kusema, "Hapa hapa, tambarare."
Bei hupatanwa chini;
majuto huanza pale lami inapoinuka.

Kupanda, sioni mbele. Naona mzigo.
Mji huu nimeujua kwa migongo ya vitu:
godoro la bi arusi, bado limo ndani ya nailoni;
kabati la mwalimu aliyehamishiwa Kasulu,
droo moja haifunguki na hataki niulize;
jeneza, mara moja, tupu, jepesi kuliko magimbi,
nikalisukuma polepole, kwa adabu,
ingawa seremala alikuwa nyuma yangu akihesabu dakika.

Kushuka ni kazi nyingine.
Kushuka, mzigo ndio unanisukuma mimi.

Alhamisi ile, vumbi la Septemba kooni,
madumu sita ya Bi Mwavita
na kamba ya katani niliyoiamini tangu siku nilipoiokota.
Kamba haikuniaga.
Dumu la tatu likaruka, likapasuka ubavu,
barabara ikawa nyekundu kama pamechinjwa.

Watu hawakuuliza kama nimeumia.
Walikuja na vikombe, na sufuria, na upawa,
mtoto mmoja na kifuniko cha chupa.
Waliteka juu juu, mchanga wakauacha chini,
kila mmoja akiniambia "pole"
huku akijaza.
Nami nimeyakinga madumu matano kwa kifua,
siwezi kuachia, siwezi kupiga kelele:
pumzi yote ilikuwa imeshika kilima.

Bi Mwavita hakutukana.
Alifungua daftari, akalamba ncha ya penseli,
akaandika jina langu lote, Bitaliho Gwimo,
kwa mwandiko mzuri ambao sikuwahi kuandikiwa hata shuleni.
"Lita ishirini," akasema. "Utalipa kidogo kidogo.
Kesho uje mapema."
Nilishukuru. Hadi leo sijui nilishukuru nini.

Doa lilikaa. Likashika vumbi, likawa jeusi,
siafu wakaligundua kabla ya mbwa.
Nikaanza kupumzika papo hapo,
jiwe nyuma ya gurudumu, jasho likinidondoka juu ya deni langu.
Wenzangu wakapaita Kwa Bitaliho.
"Tukutane wapi?" "Kwa Bitaliho."
Mjomba wangu ana ekari nne Heru Juu
na hakuna anayezitaja kwa jina lake.

Siku hizi yamekuja maguta ya pikipiki,
yanapita yakitema moshi, hayapumziki,
kwa hiyo hayajui kwamba pale pana jina.

Novemba mvua ikaja,
ikasugua lami usiku kucha kama mke aliyeudhiwa.
Asubuhi nikapita nikitafuta. Hakuna kitu.
Mvua imefuta doa.
Haikufuta daftari:
zimebaki elfu kumi na moja na mia tano.

Nikatia jiwe langu pale pale, hivyo hivyo.
Kijana mmoja mgeni, katoka Kibondo,
toroli lake bado linanuka rangi,
akaniuliza mbona nasimama penye mwinuko mkali namna hii.
Nikamwambia, hapa ni kwangu.
Akaitazama barabara, akavitazama visigino vyangu,
kisha akainama kutafuta jiwe lake.